Namna ya kukagua shoo mchanganyiko: mwongozo kutoka kwa mameneja wa vodevili

Kuanzia miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, burudani kubwa ya miji ya Marekani ilikuwa vodevili: shoo moja yenye michezo minane au tisa isiyohusiana hata kidogo. Wanasarakasi, kisha mwimbaji, kisha igizo fupi la mume na mke wasioelewana, kisha mtu wa mazingaombwe, kisha mbwa waliofunzwa kucheza dansi. Upande wa mashariki wa nchi biashara hiyo ilitawaliwa na B. F. Keith na mshirika wake Edward F. Albee, waliokuwa na kumbi Boston, Providence, Philadelphia, New York na kwingineko. Wasanii walizunguka kwa treni kutoka mji hadi mji, kwa kawaida wiki moja kila ukumbi, na programu mpya ilianza Jumatatu.

Jumatatu hiyohiyo meneja wa ukumbi alitazama shoo ya kwanza ya mchana, akaandika ripoti ya kila mchezo, akaituma ofisi kuu New York. Madaftari ya ripoti hizo, za miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 20, yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Iowa. Kila mchezo una mistari michache tu: jina, dakika, sehemu ya jukwaa iliyotumika, watazamaji walivyoupokea, na kilichoamriwa kuondolewa.

Namwandikia mtu yeyote anayesimamia shoo yenye wasanii wa aina nyingi, iwe usiku wa vichekesho, tamasha la shule au kikundi cha sanaa kinachochanganya ngoma, sarakasi na taarab. Kazi ya wale mameneja inafundisha jambo moja ninaloliamini sana: andika kwanza ukumbi ulifanya nini, dakika ya ngapi, na mchezo ulikuwa nafasi ya ngapi. Maoni yako yaje baada ya hayo. Wengi wetu tunaanza na maoni, na ndiyo maana wasanii hawatuamini.

Hatua ya 1: Ijue nafasi ya kila mchezo kabla pazia halijafunguliwa

Programu ya vodevili ilipangwa kwa makusudi. Kila nafasi ilikuwa na kazi yake, na mchezo ulihukumiwa kwa kazi hiyo. Huu ndio mpangilio uliozoeleka katika kumbi kubwa za michezo tisa, kama Palace ya New York iliyofunguliwa Machi 1913.

Mchezo wa kwanza ulikuwa usiotegemea maneno: wanasarakasi, waendesha baiskeli, wanyama au wachezaji dansi. Watu bado wanaingia, viti vinagonga, wahudumu wanawaonyesha wageni mahali pa kukaa. Ukimweka mchekeshaji hapo unamwangamiza bure, maana nusu ya maneno yake hayatasikika. Basi mchezo wa kwanza usiupime kwa makofi. Waangalie waliochelewa. Je, wanasimama njiani kutazama kabla hawajaketi? Wakisimama, mchezo umefanya kazi yake.

Wa pili mara nyingi ulikuwa wa mwanamume na mwanamke wanaoimba na kutaniana mbele ya pazia, huku mafundi wakipanga jukwaa kwa nyuma. Wa tatu ulikuwa igizo fupi au kitu kingine cha kuuamsha ukumbi. Wa nne ulitakiwa kuwa wa kwanza kuutikisa kweli, na wa tano, ule wa kabla ya mapumziko, uwe na jina ambalo watu watalizungumza wakiwa nje. Wa sita ulikuwa na kazi ngumu isiyo na shukrani. Watu wanarudi na mazungumzo yao, na mchezo huo lazima uwakamate tena bila kuwa mkubwa kuliko inayofuata. Mkaguzi asiyejua hili huwaonea sana wasanii wa nafasi ya sita. Wa saba ulikuwa mkubwa, wa jukwaa zima, pengine igizo lenye mwigizaji maarufu. Wa nane ulikuwa nafasi ya heshima kuliko zote, na mwenye kuipata alikuwa nyota, mara nyingi mchekeshaji.

Kisha wa tisa. Hapo watu wanachukua kofia na makoti. Mameneja walijua, wakaweka kitu cha kuonekana: trapezi, wanyama, kundi kubwa la wanasarakasi. Mchezo wa mwisho haupimwi kwa kelele. Hesabu viti vilivyo na watu unapoanza, hesabu tena ikifika dakika ya tano.

Waliohudhuria maonyesho ya vikundi vya sanaa vya Muungano au TOT (Tanzania One Theatre) jijini Dar es Salaam miaka ya 1990 wanaijua shoo ya namna hii: ngoma, sarakasi, igizo la vichekesho na taarab kwa kiingilio kimoja. Hata kwenye shoo yako ya michezo mitano, chora safu ya nafasi kabla ya kuanza, na mbele ya kila nafasi andika kazi yake kwa maneno machache: kukaribisha, kuamsha, kupumzisha, kupandisha, kufunga. Ukishindwa kuandika kazi ya nafasi fulani, tatizo liko kwenye programu yako na msanii hana hatia.

Hatua ya 2: Fika kwenye mazoezi ya asubuhi

Jumatatu asubuhi wasanii walifika ukumbini na karatasi zao za muziki, na aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kufanya mazoezi na bendi ya ukumbi. Meneja makini alikuwepo. Haukuwa muda wa kuhukumu usanii. Alikuwa akikagua mambo ambayo baadaye yangeweza kuuharibu mchezo bila kosa la msanii.

Kubwa kuliko yote lilikuwa jukwaa. Mafundi wa vodevili waliligawa kuanzia mbele: moja, mbili, tatu, kisha jukwaa zima. Moja ni ukanda mwembamba ulio mbele ya pazia la kwanza. Mwimbaji au wachekeshaji wawili wanaweza kufanya kazi hapo huku nyuma yao, kimyakimya, samani za igizo linalofuata zinapangwa. Hivyo ndivyo shoo nzima ilivyokwenda bila mwanya. Kwa hiyo ripoti ilitaja kila mara mchezo umetumia sehemu gani, kwa sababu mpangaji wa programu aliyekuwa New York alihitaji kujua kama unaweza kufuata au kutangulia mchezo wa jukwaa zima. Mchezo mzuri usiowezekana kuwekwa popote hauna faida kwa shoo.

Kwako wewe hilo ni kama ifuatavyo: msanii anahitaji maikrofoni ngapi, anaingia upande gani, baada yake jukwaa linahitaji kufagiliwa au kukaushwa kwa dakika ngapi. Andika. Fundi mitambo apewe nakala.

Hatua ya 3: Simama nyuma kabisa, katikati ya watu waliolipa

Usikae kiti cha mbele cha wageni waalikwa. Kule mbele unaona uso wa msanii, na wewe unataka kuona visogo vya watazamaji. Kichwa kinachogeuka kumnong'oneza jirani kinakueleza mengi kuliko makofi. Ukiwa nyuma pia unasikia kama maneno yanafika. Mameneja wa Keith walikuwa na watazamaji wa tabaka tofauti ndani ya ukumbi mmoja, wa chini waliolipa zaidi na wa ghorofa ya juu waliolipa kidogo, na mchezo uliweza kuwachekesha wa juu huku wa chini wamenuna. Meneja mzuri aliandika yote mawili.

Andika pia hali ya siku. Mchana wa Jumatatu haukuwa sawa na usiku wa Jumamosi. Watazamaji wake walikuwa wachache, na wasanii walikuwa wamechoka na safari. Mvua, joto, mechi kubwa ya mpira siku hiyohiyo, mwisho wa mwezi au katikati ya mwezi: weka yote juu ya ukurasa kabla ya kuandika jina la msanii yeyote.

Hatua ya 4: Saa na kalamu

Kila mchezo una namba tatu zinazotakiwa. Ulianza saa ngapi, ulimalizika saa ngapi, na ukumbi ulishikwa dakika ya ngapi. Ya tatu ndiyo watu wanaisahau.

Michezo mingi ya vodevili ilikuwa ya dakika kumi hadi ishirini, ya kimya mifupi zaidi, maigizo marefu zaidi. Ndani ya dakika hizo msanii hana muda wa kujitambulisha taratibu. Mchekeshaji asiyepata kicheko hadi dakika ya nne anaanza kuvuta mzigo mzito, na akija kukipata, mzigo huo utakuwa umempunguzia nguvu za mwisho. Kwa hiyo weka alama pembeni ya daftari kila watu wanapocheka: mstari mmoja kwa kicheko cha kawaida, miwili kwa kicheko kilichomlazimisha msanii asimame angoje. Mwisho wa mchezo utaona kwa macho mahali palipo wazi. Sehemu isiyo na mstari wowote kwa dakika tatu ndiyo ya kukatwa, na sasa unaweza kumwonyesha mwenyewe badala ya kumwambia kwamba alipooza.

Andika pia kicheko ambacho msanii hakukipanga. Will Rogers alipoingia vodevili mwaka 1905 alikuwa mtu wa kamba, akirusha vitanzi na kumnasa farasi jukwaani, na kusema hakukuwa sehemu ya kazi yake. Alipoanza kueleza alichokuwa akifanya, kwa lafudhi yake ya Oklahoma, watu wakacheka. Kadiri miaka ilivyokwenda maneno yakawa ndiyo kazi na kamba ikabaki kuwa pambo. Mkaguzi anayeandika kamba peke yake angemkosa mtu mwenyewe aliyesimama pale.

Hatua ya 5: Jifunze kusoma makofi

Makofi ya kuingia ni malipo ya jina. Yanaonyesha kama mabango yalifanya kazi, hayasemi lolote kuhusu mchezo wa leo. Makofi ya katikati, yale yanayokatiza, ndiyo ya kweli kuliko yote kwa sababu hakuna aliyeyaomba. Makofi ya mwisho yanahitaji tahadhari. Msanii mzoefu wa vodevili alijua kurudi kuinama mara ya tatu, ya nne, kila mara makofi yanapoanza kufifia, mpaka hesabu ikawa kubwa. Mameneja walijua ujanja huo. Tofautisha kuinama kulikoitwa na watu na kule msanii alikojiitia. Kipimo ni rahisi: je, makofi yalikuwa yakipanda au yakishuka alipotokea tena?

Kisha kuna marafiki. Kundi la watu sita waliokaa pamoja wanaweza kuwasha ukumbi mzima au kuwakera wote. Ukiwaona, andika walikaa wapi.

Kwetu pwani kuna kipimo kingine, kutunza. Mtu anainuka, anacheza taratibu hadi jukwaani, anampa mwimbaji wa taarab noti. Inaonekana kama kipimo safi kabisa, kwa kuwa ni fedha. Lakini atunzaye pengine amesikia mpasho unaomfaa adui yake aliyekaa meza ya pili, na noti ile ni jibu kwa adui. Mwimbaji ni mjumbe tu. Kwa hiyo usihesabu noti peke yake. Angalia anayetunza anamtazama nani. Akimtazama mwimbaji, ni sifa kwa mwimbaji. Akiutazama ukumbi, ni sifa kwa mtunzi wa maneno.

Na kimya? Kimya kipo cha aina mbili, na ni lazima uwe ndani ya ukumbi ili kuzitofautisha. Wakati wa trapezi, kimya ni pumzi iliyoshikwa. Wakati wa kichekesho, kimya ni msiba. Wakati wa wimbo wa huzuni kinaweza kuwa chochote, na hapo sikiliza kikohozi: watu walioshikwa hawakohoi.

Hatua ya 6: Kila aina ya mchezo iulizwe swali lake

Kwa wanasarakasi, uliza kama hatari inaonekana. Mruko mgumu ambao watazamaji hawaujui ugumu wake hupata makofi machache kuliko mruko rahisi ulioonyeshwa vizuri. Kama mrukaji ni hodari na makofi ni madogo, andika hivyo, na upendekeze ashindwe mara moja kwa makusudi au atulie kidogo kabla ya kuruka. Kwa wanyama, angalia wanavyotendewa wanapotoka jukwaani, pembeni, pasipo na mtu wa kupiga makofi.

Kwa waimbaji, jihadhari na sikio lako. Eva Tanguay alikuwa miongoni mwa wasanii waliolipwa zaidi katika vodevili yote, na sauti yake haikuwa ya kusifiwa. Alichokuwa nacho ni nguvu, mavazi ya ajabu na nywele zilizotimka, na ukumbi ulimfuata. Meneja aliyependa sauti nzuri alilazimika kuandika kwamba watu walimtaka, hata kama yeye mwenyewe aliumwa kichwa. Huo ndio uadilifu wa kazi hii.

Kwa mazingaombwe, uliza kama mchezo una kiini kimoja au umetawanyika. Mwaka 1899 Martin Beck, mpangaji wa kumbi za Orpheum za upande wa magharibi, alimwona kijana mmoja akifanya mazingaombwe mengi madogomadogo katika jiji la St. Paul. Akamshauri aache vile vidogo, ashike pingu na kujifungua. Kijana huyo alikuwa Harry Houdini. Ushauri ule ni ripoti bora kuliko kurasa kumi: ulitaja cha kuacha na cha kushika. Uzuri wa mchezo wa pingu ulikuwa pia kwamba mtu kutoka kwa watazamaji aliweza kupanda na pingu zake mwenyewe. Ukumbi ukawa sehemu ya mchezo. Ubaya wake kwa meneja ni kwamba dakika hazikujulikana, na hilo nalo huandikwa.

Kwa michezo ya watoto, swali la kwanza halihusu kicheko hata kidogo. Buster Keaton alikulia kwenye mchezo wa familia yake ambamo baba alimrusha mtoto huku na huko jukwaani, na watu walicheka mpaka machozi. Shirika la kuwalinda watoto la New York liliwafuatilia kwa miaka. Ukumbi unaweza kufurahi na mtoto akaumia. Weka jambo la usalama kwenye mstari wake peke yake, juu ya makofi, na kama huna uhakika, simamisha mchezo.

Na filamu. Tarehe 29 Juni 1896, Keith's Union Square ya New York ilionyesha picha za mashine ya ndugu Lumière, na kwa miaka mingi baada ya hapo picha fupi zilikuwa mchezo mmoja kati ya michezo, mara nyingi mwishoni, zikikaguliwa na meneja pamoja na mbwa na waimbaji. Hazikuhitaji treni, hoteli wala bendi ya mazoezi. Novemba 1932 Palace yenyewe ikawa ukumbi wa sinema. Siwalaumu mameneja, lakini nadhani waliotazama vizuri watu wangapi hubaki vitini picha inapoanza walikuwa na taarifa kubwa mikononi mwao mapema sana.

Hatua ya 7: Makato yataje maneno yenyewe

Keith alijijengea biashara kwa kuahidi shoo ambayo mama anaweza kuja kuitazama na watoto, hadi wasanii wakazipa kumbi zake jina la utani la mtandao wa shule ya Jumapili. Nyuma ya jukwaa palibandikwa tangazo la kukataza lugha chafu na mavazi yasiyo na staha, na adhabu ilikuwa kufukuzwa. Baada ya shoo ya mchana, amri ya kuondoa mstari au mwondoko fulani ilimfikia msanii kabla ya shoo ya usiku.

Nyingi ya amri hizo leo zinaonekana za kitoto. Namna zilivyoandikwa ndiyo ya kuiga: zilitaja kitu chenyewe. Ukimwambia msanii asafishe mchezo wake, hajui aanze wapi, na usiku ataondoa kisichokukera na kubakiza kinachokukera. Mwambie: ondoa utani wa mkwe bafuni, ondoa kumshika kiuno yule mama wa safu ya mbele, wimbo wa pili usiimbwe hapa. Toa na sababu, kwa mstari mmoja. Na utofautishe kinachokatwa kwa sababu ni kichafu, kinachokatwa kwa sababu ni kirefu, na kinachokatwa kwa sababu mchezo mwingine usiku huohuo una utani uleule. Cha tatu hiki si kosa la msanii yeyote, ni la mpangaji.

Hatua ya 8: Amua kabla ya shoo ya usiku

Kuna maamuzi manne: abaki, ahame, apunguze, aondoke. Kuhama ndiko kunakosahaulika na ndiko kunakookoa wengi. Mchezo uliopooza nafasi ya pili unaweza kuwaka nafasi ya nne, na nyota aliyechoka anaweza kupumzishwa nafasi ya tano bila kuaibishwa. Kabla ya kumwondoa mtu, mhamishe mara moja. Ukihamisha, rudi kwenye hatua ya 2, kwa maana samani na mapazia nayo yanahama.

Hatua ya 9: Andika leo, usisubiri kesho

Ripoti iandikwe kabla hujala chakula cha jioni. Kesho utakuwa umeongea na watu, na maoni yao yatakuwa yameingia kwenye kumbukumbu yako bila kubisha hodi. Sentensi kama "mzuri sana, watu walifurahi" haimsaidii yeyote. Mifano mitatu hii nimeitunga mwenyewe kwa mtindo wa ripoti zile.

Nafasi ya 1. Waendesha baiskeli wawili, mwanamume na mwanamke. Dakika 9, jukwaa zima. Waliochelewa walisimama njiani kuanzia dakika ya tatu. Mruko wa mwisho mezani ulipata makofi ya ukumbi wote. Mavazi yamechakaa, taa ya mbele ing'ae zaidi. Wabaki hapohapo.

Nafasi ya 3. Igizo la watu watatu, baba, binti na mchumba. Dakika 24, jukwaa zima. Kicheko cha kwanza dakika ya saba. Binti anasikika hadi nyuma, baba hasikiki kabisa. Sehemu ya barua haikupata chochote kwa dakika nne. Wakate barua, wafikie dakika 18, baba apaze sauti. Nitawatazama tena usiku.

Nafasi ya 8. Mchekeshaji peke yake, mbele ya pazia. Dakika 16. Makofi ya kuingia makubwa. Vicheko kumi na vinne, vinne vya kumsimamisha. Aliitwa kuinama mara mbili, ya tatu alijiita. Utani wa mlevi kanisani uondolewe, nimemwambia. Binafsi mtindo wake siupendi, lakini ukumbi ulikuwa wake. Anastahili kuitwa tena.

Angalia mfano wa mwisho. Maoni ya meneja yamo, yametengwa kwa neno "binafsi", na hayakuruhusiwa kugusa uamuzi.

Hatua ya 10: Ikague ripoti yako, kisha mwonyeshe msanii

Hapa ndipo ninapoachana na watu wa Keith. Ripoti zao zilikuwa siri za ofisi, na msanii hakujua kilichoandikwa juu yake. Baada ya mwaka 1906, ofisi yao ya kupanga kazi, United Booking Offices, ilishika ajira za kumbi nyingi sana, ikichukua asilimia 5 ya mshahara wa msanii. Mistari mitatu kutoka Providence iliweza kumfungia mtu riziki katika miji asiyowahi kufika. Wasanii waliunda chama chao, White Rats, mwaka 1900, wakagoma mwaka 1901 kupinga makato ya mshahara ya namna hiyo, na wakashindwa.

Zaidi ya hapo, kipimo hakikuwa kimoja kwa wote. Bert Williams, mzaliwa wa Nassau, Bahamas, alikuwa mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa zama zake, na bado alijipaka masizi usoni kwa sababu ndivyo watazamaji weupe walivyomtaka mtu mweusi jukwaani. Katika kumbi za weupe ilikuwepo desturi ya kutowaruhusu wacheza dansi weusi kupanda peke yao, wawe wawili. Bill Robinson alifanya kazi miaka mingi na mwenzake George Cooper kabla hajasimama peke yake. Meneja anayeandika kwamba mtu fulani anafaa "kwa aina yake" anaipima aina, mtu hakumtazama. Pitia kila ripoti na uliza: ningeandika neno hili kama msanii angekuwa wa kabila langu, wa jinsia yangu, wa mji wangu, mwenye lafudhi kama yangu? Kwetu neno la kukamata ni "wa mkoani" na "wa uswahilini". Likionekana kwenye ripoti, lifute uandike alichokifanya.

Kisha mpe msanii nakala. Msomee dakika, vicheko na makato, umwache aulize. Atakuambia mambo usiyoyaona, kwamba spika ya kushoto ilikatika, kwamba mwenzake ana homa. Yaandike chini ya ripoti kwa maneno yake, na saini yake.

Alhamisi tazama shoo tena kuanzia mwanzo, kwa ukurasa mpya, bila kuusoma ule wa Jumatatu. Ukimaliza, weka kurasa mbili pamoja. Penye tofauti kubwa, andika kwa rangi nyingine kilichobadilika: nafasi, urefu, watazamaji au msanii mwenyewe. Kisha tuma kurasa zote mbili kwa mwenzako wa ukumbi unaofuata, zikiwa na majina ya vifaa, namba za dakika na jina la mtu wa kumpigia simu kuhusu taa.